Programu ya zamani imekubali kwenye Windows 11, na sijanunua kitu

Programu yangu ya zamani iligoma kuingia kwenye kompyuta mpya ya Windows 11, na kila niliyemuuliza alikuwa na dawa moja: bofya kulia, ingia Properties, kwenye Compatibility chagua Windows XP, kwisha. Nikachagua XP, nikachagua Windows 98, nikaendesha kama administreta. Wapi! Jibu lile lile, programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Fundi mmoja akaniambia niitupe ninunue mpya. Programu yenyewe ni ya hesabu za stoo, imeandikwa kwa Visual Basic 6 (lugha ya zamani ya kuandikia programu), na kumbukumbu zote zimo humo. Kutupa ni rahisi kwa asiyeitumia.

Sasa ujanja ambao hakuna aliyenitajia. Fungua faili la .exe kwa Notepad. Ndiyo, Notepad! Utaona takataka tupu, lakini huko juu mara nyingi kuna sentensi ya Kiingereza inayotaja DOS, ule mfumo wa kabla ya Windows. Shuka kidogo, tafuta herufi mbili. Ukikuta PE ikifuatiwa na L, hiyo ni programu ya biti 32 (biti ni kizazi cha programu: 16 ndiyo ya zamani zaidi, 64 ndiyo mpya) na Windows ya leo haina ugomvi nayo. PE na d ndogo ni biti 64. Ukikuta NE, hiyo ni biti 16, na hapo Compatibility uibofye mpaka kidole kiote sugu: Windows za biti 64 hazina kabisa kipande cha kuendeshea biti 16, na Windows 11 haitolewi kwa biti 32. (Kama programu yako yote ni NE, jaribu otvdm, inayoendesha programu za Windows za biti 16; kama ni ya DOS, jaribu DOSBox.)

Setup.exe yangu: NE. Programu yenyewe, kule kwenye kompyuta ya zamani: PE, L. Nilicheka peke yangu. Kumbe kilichokuwa kinagoma ni kisakinishi tu! Nikakiacha, nikanakili folda nzima kwa flashi.

Ikafunguka, ikalalamika haioni MSCOMCTL.OCX, faili la ziada ambalo programu nyingi za Visual Basic 6 hulitegemea. Nikalichukua kwenye System32 ya mashine ya zamani nikaliweka SysWOW64 ya mpya, kisha nikalisajili kwa regsvr32 (amri ya Windows ya kusajili mafaili ya namna hiyo) iliyomo humo humo SysWOW64. Hapa ndipo wengi wanapopotea: kwenye Windows ya biti 64, SysWOW64, pamoja na hilo jina lake, ndiyo ya mafaili ya biti 32, na System32 ndiyo ya biti 64. Aliyeyapanga hivyo anajijua.

Kikabaki kituko. Mimi naingiza mzigo, nauona. Mwenzangu akiingia kwa akaunti yake kwenye kompyuta hiyo hiyo, mzigo haupo. Tukaanza kutazamana vibaya. Tangu Windows Vista, programu ya zamani ikitaka kuandika ndani ya Program Files, Windows huipisha kimyakimya na kuandika kwenye VirtualStore, ndani ya AppData\Local ya kila mtumiaji. Kila mmoja wetu alikuwa na stoo yake! Nikaitoa data yangu huko, nikahamishia kila kitu C:\Stoo, nje ya Program Files, na ugomvi ukaisha. Wewe iweke huko tangu mwanzo, na data inakili pembeni kabla hujagusa lolote.

Kitufe cha Msaada ndicho pekee kisichofunguka, maana Windows mpya haisomi tena mafaili ya .hlp, yale ya msaada ya zamani. Kikae hivyo hivyo, tangu nianze kuitumia sijawahi kukibonyeza.