Axio, Haji na maneno ya Mzee

Gari imepatikana jamani. Toyota Axio haibridi ya 2015, yaani inatumia petroli na umeme, nyeupe, na acha niandike sasa hivi vile bei ilishuka kabla sijaanza kuisimulia vingine, manake mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Spacio yetu tuliiuza kwa sababu watoto wamerefuka na Mzee, baba yangu, naye sikuhizi anakaa na sisi huku Naalya, Kampala, na ile gari ilikuwa imeshaanza kudai spea kila mwezi. Mimi kazi iko upande wa Industrial Area. Petroli wakati ule ilikuwa inacheza kwenye shilingi elfu 5 kwa lita, na asubuhi kutoka Kireka kushuka Banda mpaka Nakawa unakaa tu, injini inaunguruma, gari haiendi, unachoma pesa huku unaangalia taa nyekundu za mwenzako aliye mbele. Hapo ndo wazo la haibridi liliniingia. Kwenye foleni injini inazima yenyewe, mota ya umeme inakusogeza pole pole, na ukikanyaga breki ile nguvu haipotei yote kwa joto, nyingine inarudi kwenye betri. Kwa hiyo foleni ya Kampala ambayo kila mtu anailaani, kwa haibridi ndo mahali pake pa kazi. Ukiwa mtu wa kwenda Mbarara kila wiki kwa mwendo mmoja, faida yake sio kubwa hivyo, bora niseme ukweli.

Mzee hakutaka kusikia. Huyu mtu ametengeneza malori ya jeshi maisha yake yote, sisi ni watoto wa kambi, ndo maana nyumbani kwetu mpaka leo ni Kiswahili hata na wajukuu, na akiongea kuhusu injini anaongea amri. "Kijana, sikiliza. Gari ya injini mbili ni mwanaume wa wake wawili na mshahara mmoja. Siku moja mmoja atagoma, na huyo atakayegoma ndo wa gharama." Yeye alitaka Premio ya petroli tupu, basi.

Nikajitetea wiki nzima mezani. Nikamwambia Toyota wameanza kuuza Prius tangu 1997, sio majaribio tena hayo. Nikamwambia kwenye haibridi ya Toyota hakuna stata wala alteneta ya kawaida, kazi zote hizo zinafanywa na mota za umeme zilizo ndani ya gia, na gia yenyewe haina mkanda wa kukatika, ni meno kwa meno. Nikamwambia hata wetu wa Makerere walishatengeneza sedani ya haibridi, Kiira EV Smack, 2014. Mzee akauliza, "Iko wapi? Nionyeshe moja tu barabarani." Eh. Hapo nilinyamaza, manake Kiira wenyewe siku hizi tunawasikia zaidi kwa mabasi ya umeme ya Jinja.

Mama watoto swali lake lilikuwa moja, betri imekula buti? Kwenye Axio haijala, imekaa chini ya kiti cha nyuma, buti liko lile lile. Akasema basi nyie wawili maliza vita yenu mniambie lini tunaenda.

Honda Grace, haibridi nyingine, niliipenda kwa macho, ndani ni pazuri kuliko Axio, tusidanganyane. Lakini gia yake ni ya kluchi mbili kavu, yaani hazikai kwenye mafuta ya kuzipoza, na kluchi kavu na kile kimwendo cha kujivuta Jinja Road, mita mbili simama, mita mbili simama, haviwezi kupendana. Nikaiacha. Premio nazo nikaziulizia kwa ajili ya heshima ya Mzee, na nikaona kitu kimoja: muuza Premio habishani na wewe. Anataja bei halafu anaangalia simu yake. Anajua usiponunua wewe, jioni kuna mwingine. Haibridi hapana, muuzaji anasimama, anakufungulia mlango, anaita chai. Nikakaa nikajiuliza kwa nini. Jibu liko wazi, akina Mzee ni wengi hapa Kampala. Fundi wa mtaani anaiogopa, shemeji anaiogopa, kwa hiyo gari inakaa bondini, ile yadi ya kuuzia magari, inakula vumbi na pesa ya mwenyewe imelala pale pale.

Kwa ambao hamjawahi kununua bondini, gari inashuka Mombasa, inakuja kwa barabara mpaka Malaba, inaingia Kampala na kukaa kwenye bondi bila kulipiwa ushuru mpaka mnunuzi apatikane. Kwa hiyo ukitajiwa bei swali la kwanza ni "na ushuru au bila?", wengine wanakutajia dola ya bila ushuru unaona umepata, kumbe bado hata nusu hujafika. Kuna ushuru wa forodha 25%, kuna VAT 18%, kuna ule wa mazingira ambao gari ikizeeka ndo unakuuma, kwa yale makuukuu unafika nusu ya thamani, na vingine vidogo juu yake. Na URA, watu wa kodi, hawahangaiki na risiti yako ya Japan, wana makadirio yao ya gari kuukuu. Maana yake nini? Ile sehemu ya serikali huwezi kuipigia kelele. Unabishana na kipande cha mwenye gari tu, na hicho kipande ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, ukimwambia mtu akupunguzie milioni 15 unamchekesha bure.

Basi tukaenda, mimi, Mzee, na kijana mmoja fundi wa umeme wa magari ambaye nilimlipa aje na skana yake ya kusoma kompyuta ya gari. Mwenye gari ni Haji mmoja mtu mzima, mpole, kanzu safi, Kiswahili chake cha pwani mpaka nikaona aibu na hiki changu cha kambini. Axio ilikuwa nyuma kabisa ya safu, kioo kina vumbi unaweza kuandika jina. Tukajaribu kuwasha, giza. Dashibodi haina hata taa moja. Mzee akakohoa tu.

"Hiyo ni betri ndogo, mzee wangu," Haji akasema. "Volti 12. Hata Premio ukiiacha muda mrefu inakufa. Ile kubwa haina neno." Kijana wake akaleta betri nyingine na waya, dashibodi ikaamka, neno READY likawaka, kimya, hakuna mlio, na yule mama wa Kijapani ndani ya kile kidude cha kulipia barabara kwao akaanza kutusalimia. Kijana wangu akachomeka skana. Betri kubwa ya hii gari ni moduli 20, yaani vipande vilivyoungwa, volti 144 zote pamoja, na unachotafuta ni kama kuna kundi moja linashuka kuliko wenzake gari ikipewa kazi. Akaangalia, akaendesha kidogo mle ndani, akaangalia tena, halafu akaninong'oneza, "Bosi, hii betri iko poa kabisa." Nikamwambia kunja uso. Akakunja. Kitu pekee alichokuta ni kichujio cha feni ya betri pale kwenye kiti cha nyuma, kimejaa vumbi, na hicho kwa vumbi letu hili ni cha kusafisha mara kwa mara, feni ikiziba betri inachemka na ikichemka inazeeka kabla ya siku zake. Karatasi ya mnada wa Japan ilikuwepo, gredi 4, kilomita zinakubaliana na dashibodi, namba ya chesisi ndo hiyo hiyo.

Tukakaa. Haji akasema milioni 49, na ushuru, na namba.

Mimi nikafungua mdomo na kilichotoka ni Mzee mtupu. Nikasema Haji, fundi wa hizi gari Kampala nzima ni wa kuhesabu, betri ikifa nani atanisaidia, nikipeleka Mukono kijijini nani anaijua, na siku ya kuuza nani atainunua, watu wanaogopa, wewe mwenyewe unaona imekaa hapa mpaka betri ndogo imekufa. Nikafika mbali nikasema, "Gari ya injini mbili ni mwanaume wa wake wawili na mshahara mmoja, Haji."

Haji akacheka mpaka akafuta macho. "Mimi ninao wawili," akasema, "na nakwambia wanasaidiana. Mmoja akichoka mwenzake anashika kazi. Hiyo gari ndivyo ilivyo." Halafu akaanza, Prius ya 1997, haina stata, haina alteneta, gia haina mkanda. Wallahi ni hotuba yangu ile ile ya mezani, neno kwa neno, nikabaki nakataa kwa kichwa vitu ambavyo juzi nilikuwa navipigania mpaka chai inapoa.

Mzee alikuwa amekaa pembeni na fimbo yake, hajasema kitu muda wote. Nikasema 40. Haji akasema tusivunjiane heshima. Tukapanda tukashuka, 47, 42, akaniitia soda, 46 na nusu, mimi 43. Hapo ndo Mzee akauliza, taratibu, "Haji, hii gari imekaa hapa tangu lini?" Haji akamwangalia. Hakujibu siku, akajibu bei. "Afande, mpe kijana wako kwa 44 na nusu, na mimi nilipie pleti." Nikaongeza na ekspanda ya redio, manake redio ya Japan inaishia kwenye masafa ya chini na stesheni zetu nyingi ziko juu huko karibu na 100, bila ekspanda unasikiliza mikwaruzo. Akapiga mkono kwenye meza, "kale", yaani sawa.

Skana ilinigharimu elfu 80 na nikiambiwa nilipe mara mbili yake nalipa. Kama unanunua haibridi ukaona hiyo ni hela ya kubana, nunua Premio tu kwa amani.

Ila ndani ya teksi tukirudi, Mzee akanigeukia. "Kumbe ulikuwa unanisikia vizuri. Sasa kama unajua yote hayo, unainunua ya nini?"

Nikamwambia Mzee, maneno yako ndo yametupunguzia milioni 4 na nusu. Akasema basi nimpe asilimia yake, na hatanii, kila jioni anaikumbushia. Jibu lenyewe hasa sikumpa. Manake ule woga wa watu nilioutumia kwa Haji haujaisha, unanisubiri siku nitakayotaka kuiuza mimi, aje kijana na baba yake na skana, aniambie habari za wake wawili. Mama watoto anasema hatuuzi, tutaiendesha mpaka ichoke yenyewe. Mzee kesho anataka kiti cha nyuma kifunguliwe aione hiyo feni kwa macho yake.