Vitabu vya Kayaki na Ziwa Lisilopwa

Rafu yangu hapa Mwanza ina vitabu saba vya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupigwa kafi, na safari za mwambaoni, na karibu vyote vinatumia sura nzima, pengine mbili, kueleza kupwa na kujaa kwa bahari: jinsi ya kusoma jedwali la maji, saa ambayo mkondo hugeuka, na sababu za kutovuka mlango wa ghuba maji yanapotoka. Nimezisoma sura hizo kwa uangalifu na kuzipigia mistari, ilhali ziwa ninalolipigia kafi halipwi wala halijai kwa kiasi ambacho mtu aliyeketi katika chombo kidogo angekihisi. Mwanzoni niliona kwamba inatosha kuziruka. Siku hizi naamini kwamba pale penye sura ya maji kupwa panastahili kuandikwa sura nyingine, ya upepo, kwa sababu katika Ziwa Viktoria upepo ndio wenye saa zake, na ndio unaoamua nani atarudi mwaloni, pale vyombo vinapotua, na wakati gani.

Sitaki mtu adhani kwamba navidharau vitabu hivyo. Ndivyo vilivyonifundisha kwamba nguvu ya kafi inatoka kiunoni na wala si mikononi, kwamba mtu ajizoeze kupinduka na kurudi chomboni karibu na ufuko kabla ya siku atakayolazimika kufanya hivyo mbali, na kwamba jaketi okozi huvaliwa, halifungwi nyuma ya kiti. Vilinieleza pia asili ya chombo chenyewe: jina lake linatokana na neno qajaq la Wainuiti, ambao walikiunda kwa mbao zilizosukumwa pwani na mawimbi, wakakivika ngozi za sili, wakakitumia kuwinda katika maji yanayoweza kumuua mtu kwa baridi ndani ya dakika chache. Kila onyo lililomo katika vitabu hivyo lina baridi hiyo nyuma yake. Kwetu maji ni vuguvugu, na uvuguvugu huo huwafanya vijana wengi waamini kwamba ziwa ni la upole.

Kipimo cha upepo cha Beaufort, kilichobuniwa na afisa wa jeshi la majini la Uingereza mwaka 1805, kinafaa hapa bila kubadilishwa, kwa kuwa mpiga kafi anaweza kukisoma kwa macho. Povu jeupe linapoanza kuonekana hapa na pale juu ya mawimbi, upepo umefika daraja la 3. Povu likiwa kila mahali, umefika daraja la 4 au umelipita, na anayejifunza anapaswa kuwa nchi kavu. Lakini vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya bahari kuu huzoea mawimbi marefu yanayompandisha na kumshusha mtu taratibu. Ziwa letu lina kilomita za mraba 68,800, ukubwa unaotosha kabisa kujenga mawimbi, ila mawimbi yake huja mafupi, yamesimama, yakifuatana kwa karibu. Kayaki ndefu iliyoundwa kwa ajili ya bahari inachoma pua yake katika wimbi la pili kabla haijamaliza kushuka kutoka la kwanza.

Nilijifunza jambo la upepo kwa gharama. Mwezi wa Julai, miaka miwili iliyopita, niliondoka Igombe alfajiri. Maji ya ufukweni yalikuwa yamelala kama mafuta, na nilipiga kafi kuelekea kaskazini kwa wepesi ambao nilidhani unatokana na mazoezi yangu. Nilipogeuza kayaki ndipo nilipoelewa kwamba upepo wa kusini mashariki ulikuwa mgongoni mwangu muda wote. Vilima na mawe ya pwani vilikuwa vimeukinga karibu na ufuko, na kadiri nilivyotoka kwenye kivuli chao ndivyo ulivyoongezeka. Nilikwenda kwa dakika arobaini. Kurudi kulinichukua zaidi ya saa mbili, nikiwa nimeinama, nikipiga kafi bila kupumzika kwa sababu kila nilipopumzika nilirudishwa nyuma.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa akishona wavu wake mwaloni nilipofika. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama mikono yangu iliyochubuka.

“Mwanangu, asubuhi uliuliza mtu?”

“Hapana, baba. Niliona maji yametulia.”

“Ya hapa yametulia. Ungeangalia kule mbali, kwenye mstari wa maji na mbingu. Ukiona umekatika-katika kama meno ya msumeno, huko kumechafuka. Na Julai upepo wa asubuhi unatoka nchi kavu. Unakupeleka, haukurudishi. Sisi tunaoukubali utupeleke tunajua ule wa mchana utaturudisha, na bado tunabeba chakula.”

Maneno hayo yalikuwa sura kamili, na sijaikuta katika kitabu chochote nilichonacho. Sayansi yake inaeleweka: mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja pwani, usiku ardhi hupoa, na upepo hugeuka kuelekea ziwani kutoka pande zote, ukikutana katikati na kujenga yale mawingu ya radi yanayowakuta wavuvi wa dagaa gizani. Kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusini mashariki huongeza nguvu ya ule upepo wa asubuhi. Kwa sisi wa upande wa kusini, maana yake ni kwamba saa yenye maji mazuri zaidi kuyatazama ndiyo saa ambayo chombo chepesi husukumwa mbali na nyumbani. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa husaidia sana, nami huusoma kila ninapotaka kutoka. Lakini utabiri unazungumzia ziwa zima, na mzee yule alikuwa anazungumzia mwalo wake.

Miongoni mwa vitabu vizee kabisa katika rafu yangu, kwa maana ya yaliyomo, ni kile cha mpelelezi Henry Morton Stanley kilichochapishwa mwaka 1878. Nakisoma kwa moyo mzito. Alifika Kageye, katika Ghuba ya Speke, tarehe 27 Februari 1875, akiwa na mashua ya futi 40 iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo, na tarehe 8 Machi akaanza kulizunguka ziwa lote kwa kufuata pwani. Miaka 17 kabla yake, mwezi Agosti 1858, mpelelezi Mwingereza John Speke alilitazama ziwa kutoka mlimani karibu na hapa na kutangaza kwamba ndilo chanzo cha Nile, bila kuuona ufuko wake wa kaskazini. Ni safari ya Stanley iliyowaonyesha wasomaji wa Ulaya kwamba hili ni ziwa moja. Kama maelezo ya mwambao, rasi baada ya rasi, kisiwa baada ya kisiwa, hakuna mpiga kafi wa hapa asiyeweza kunufaika nayo. Ila humo humo imo habari ya kisiwa cha Bumbireh, ambako wenyeji walimnyang’anya makasia, mabaharia wake wakang’oa mbao za sakafu ya mashua na kuzifanya makafi ili watoroke, naye akarejea miezi michache baadaye na bunduki kuwaua watu waliosimama ufukweni. Aliyaandika hayo kana kwamba ni hesabu iliyolipwa. Anayeazima kitabu hicho kwangu namwomba asome pia kurasa hizo.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita ni kwamba ndani ya mashua ile alikuwamo mwenyeji wa Kageye aliyeitwa Saramba, aliyechukuliwa kuwa kiongozi wa njia. Stanley anamtaja mara chache. Ningetoa kurasa nyingi za kitabu kile kwa kubadilishana na ukurasa mmoja wa kile Saramba alichokijua kuhusu Ghuba ya Speke: mahali pa kujificha upepo ukibadilika, na mahali ambapo mawe yamelala chini kidogo tu ya maji.

Mwaka huohuo wa 1875, mwanzoni mwake, Mmarekani Nathaniel Bishop alikuwa akimalizia safari ya kushuka pwani ya mashariki ya nchi yake kwa mtumbwi uliotengenezwa kwa karatasi iliyogandishwa na kupakwa vanishi. Kitabu chake nakipenda kwa sababu anawasikiliza watu wa pwani: walinzi wa minara, wavuvi wa chaza, watu waliomkaribisha kulala. Hivyo ndivyo ningependa kitabu cha pwani yetu kiandikwe.

Kitabu hicho kingekuwa na sura ambazo vya Ulaya havina haja nazo. Kingeeleza kwamba viboko hushinda kwenye maji ya kina kifupi yenye matete na hutoka usiku kwenda kula majani, hivyo anayetua kwenye matete alfajiri anaweza kujikuta amesimama kati ya mnyama huyo na maji yake. Kingeeleza kuhusu kichocho: konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye mimea, basi ni heri kuingia majini kwenye mwamba au mchanga unaopigwa na mawimbi, na kupima afya hata kama hujisikii vibaya. Kingeonyesha magugu maji, ambayo upepo huweza kuyasukuma usiku mmoja na kuziba kijighuba ulichokiacha wazi jioni. Njia ya kivuko cha Kamanga, ambacho hakiwezi kukukwepa. Na maboya ya nyavu za sangara, ambayo mpiga kafi huzunguka, hapiti juu yake, kwa kuwa wavu ni shamba la mtu.

Nimeanza na daftari. Kila ninapofika mwaloni naamkia, naketi, nauliza, na ninaporuhusiwa naandika: jina la mwalo, upepo wa asubuhi, upepo wa mchana, mahali pa kukimbilia. Hadi sasa nina mialo kumi na minne, kuanzia Luchelele hadi Kayenze, na katika mialo yote kumi na minne hakuna aliyenieleza upepo bila kwanza kunionyesha kwa kidole kilima au jiwe. Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, nitarudi Igombe nimsomee yule mzee ukurasa wa mwalo wake, ili arekebishe nilipokosea.