Kitambaa cha Mama

Seva yetu ya nyumbani ilikuwa kompyuta mpakato iliyopasuka kioo. Niliiwekea mfumo endeshi wa Debian na diski ya nje ya terabaiti 2, nikaikalisha kwenye kabati la TV sebuleni, Moshi. Picha za ukoo, kwaya za Mama, video ya harusi ya dada, vyote humo. Mimi nilikuwa kazini Arusha. Intaneti ya nyumbani ilikuwa ya laini ya simu, huwezi kuipigia hodi kutoka nje, kwa hiyo nilipita kwa WireGuard, njia ya siri ya mtandaoni, kupitia seva ndogo ya kukodi. Ilipokubali nilijiona fundi kwelikweli.

Kisha ikaanza kujizima. Kila alasiri.

Jioni nampigia Baba: "Shikamoo Baba, naomba uniwashie ile mashine." Anaiwasha, anarudi kwenye taarifa ya habari.

Nililaumu umeme kwanza, maana ndio wa kulaumiwa siku zote. Lakini betri bado ilikuwa inashika saa nzima. Nikalaumu diski. Nikalaumu Jellyfin, programu inayorusha video kwenye TV. Wiki tatu nasoma logi, yaani kumbukumbu za mashine, usiku, na logi zenyewe zinakatika katikati ya mstari bila kuaga. Siku moja niliona prosesa ina nyuzijoto 97, nikasema hiki kipimo kimeharibika.

Krismasi nikaenda nyumbani. Redio ina kitambaa cha kufuma. Makochi yana vitambaa. Na pembeni ya TV kipo kipya, cheupe, ukingo wa waridi, kizito, kimeanguka hadi chini pande zote nne. Nikaingiza mkono, nikautoa upesi.

Kumbe kila baada ya chakula cha mchana Mama alikuwa anaangalia ile harusi, yote, pamoja na hotuba ya mjomba. TV haikuielewa aina ya lile faili, basi mashine ikawa inaligeuza hapo hapo huku likichezwa, kazi inayochemsha prosesa kwelikweli. Chini ya blanketi.

"Mama, nani kaifunika hii?"

"Mimi. Si ulisema ina picha zetu zote? Niiache iliwe na vumbi?"

Nikamweleza habari za feni na hewa. Alinisikiliza vizuri tu.

"Na wageni wakija waikute hivyo, uchi?"

Tukaafikiana ikae wazi, imeinuliwa kwa vipande viwili vya mbao. Mama akakunja kitambaa chake, akaangaza macho chumba kizima, akaenda kuifunika ruta.

Nikanyamaza.