Kilomita Chache Si Sifa: Kabla ya Kununua Range Rover Iliyotumika Malindi

Msimu wa wageni ukiisha na masika yakikaribia, matangazo ya magari makubwa huongezeka Malindi. Range Rover Sport, Discovery 4, BMW X5, Touareg, Mercedes ML. Mengi ni ya wenye nyumba Casuarina na Watamu wanaorudi Italia, na maneno ya muuzaji huwa yale yale: mwenyewe ni mmoja, kilomita chache, limelala gereji. Nikisikia hayo matatu kwa mpigo, huuliza maswali zaidi, si machache.

Bei inavutia kwa sababu gari hushuka thamani lakini spea hazishuki. Kompresa ya hewa, turbo au kompyuta ya giaboksi bado zinauzwa kwa hesabu ya gari lililokuwa la kifahari siku lilipotoka kiwandani. Kwa hiyo kama una milioni tatu, tafuta gari la milioni mbili na robo, iliyobaki iache benki. Ikiwa hesabu hiyo haikai sawa, jibu lako umeshalipata, na Prado ya miaka mingi zaidi itakufaa.

Sasa hizo kilomita chache. Dizeli za kisasa zina DPF, chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Likijaa, kompyuta humwaga dizeli ya ziada ili moshi upate joto la kutosha kuyachoma masizi, kazi inayotaka injini iliyopata moto na kama dakika 20 za mwendo wa barabara kuu. Gari linalotoka Casuarina hadi madukani Lamu Road na kurudi halipati nafasi hiyo. Uchomaji hukatika njiani, na ile dizeli ya ziada huteleza kando ya pistoni ikaingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukipima oili ukaikuta imepita alama ya juu, na fundi anaapa hajaongeza, hiyo ni dizeli. Tatizo jingine ni salfa: injini hizi zilitengenezwa kwa dizeli isiyozidi sehemu 10 za salfa kwa milioni, ilhali kiwango kilicholetwa hapa mwaka 2015 kiliruhusu hadi 50.

Kwa Land Rover hili ni zito kuliko kwa wengine. Injini yao ya dizeli ya TDV6 ya lita 3.0 inajulikana kwa beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini, kuzunguka mahali pake, kisha krenki yenyewe kukatika. Oili iliyofanywa nyembamba na dizeli huharakisha mambo. Kabla hujakubali bei, lipia mabadiliko ya oili wewe mwenyewe na uwepo fundi anapofungua chujio. Ni la karatasi: likate, ukunjue mikunjo yake juu ya kitambaa cheupe, uimulike kwa tochi kwa kuipindua pindua. Weusi ni kawaida. Ukiona vipande vinavyometameta kama gamba la dagaa, au vyenye rangi ya shaba, mshukuru muuzaji uondoke. Gharama ya oili ni ndogo mno ukilinganisha na injini nyingine. Uliza pia kuhusu mikanda: TDV6 ina mkanda wa taimingi mbele na mwingine wa pampu ya dizeli nyuma, na mafundi wengi hubadilisha wa mbele wakausahau wa nyuma.

Upande mwingine wa kilomita chache ni kusimama. Gari lililokaa miezi karibu na bahari limekaa ndani ya chumvi. Lipandishe kwenye lifti au shimo, ulale chini na tochi. Angalia mabomba ya breki hasa pale yanapopita juu ya tangi, boliti za sabufremu, na kwa Discovery zenye AC ya nyuma, mabomba ya aluminiamu karibu na tairi la nyuma, ambayo hula kutu kimyakimya hadi gesi iishe. Lami nyeusi mpya iliyopakwa chini juzi si huduma, ni pazia. Chomoa soketi moja au mbili za waya zilizo chini: rangi ya kijani kwenye pini ina maana umeme utakusumbua. Kwenye ubavu wa tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2519 ni wiki ya 25 ya mwaka 2019. Tairi zenye kashata nzuri lakini zaidi ya miaka sita zihesabu kuwa za kubadilisha, na za inchi 20 si za bei ndogo. Panya nao hupenda waya za chini ya boneti, kwa hiyo tafuta kinyesi na waya zilizotafunwa. (Anayeishi kisiwani Lamu gari lake hulala Mokowe, upande wa bara, kwa hiyo haya yote yanamhusu maradufu.)

Suspensheni ya hewa inapimwa kwa futi ya mfukoni. Jioni, gari likiwa kimo cha kawaida, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi, kona zote nne, uandike. Asubuhi pima tena kabla ya kufungua mlango. Kumbuka Land Rover hujisawazisha yenyewe likiwa limeegeshwa: kona moja ikivuja, zingine nazo zinaweza kushuka, kwa hiyo gari lililoshuka sawasawa si lazima liwe salama. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mabegi ya hewa yanayobeba gari na maungio ya mipira ya hewa. Begi linalovuja haliharibiki peke yake. Hulazimisha kompresa kufanya kazi bila kupumzika hadi nayo ife, na muuzaji atakuambia ni kompresa tu.

Kuwasha asubuhi ni lazima injini ikiwa baridi. Weka kiganja juu ya boneti ufikapo. Ikiwa na vuguvugu, ujue gari limewashwa kabla hujafika, mwambie muuzaji utarudi kesho. Kisha endesha kutoka Malindi hadi Gede na kurudi kwa mwendo wa taratibu wa 50 hadi 80, mguu mwepesi. Mtetemo mdogo kama wa kupita juu ya mbavu za barabara, palipo na lami safi, ni dalili ya toki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi) au mafuta ya giaboksi kuchakaa. Usikubali eti mafuta hayo ni ya maisha: ZF, wanaotengeneza giaboksi za Range Rover na BMW, wenyewe wanashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwenye giaboksi hizo za ZF chujio limeungana na sampu ya plastiki, kwa hiyo hubadilishwa vyote pamoja.

Kifaa kidogo cha OBD, cha kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, kile cha bei poa, husoma injini tu. Kinachotakiwa ni kifaa cha aina ya gari lenyewe: kwa Land Rover tafuta fundi mwenye GAP IIDTool, kwa BMW mwenye ISTA, kwa Mercedes mwenye Xentry, hata ikibidi uende Mombasa. Soma makosa kabla ya kuendesha na baada ya kuendesha, maana yaliyofutwa jana hurudi barabarani. Hakikisha betri ina angalau volti 12.4, la sivyo utaletewa orodha ndefu ya makosa yasiyokuwepo. Mwambie fundi alinganishe kilomita kwenye dashibodi na zilizohifadhiwa kwenye kompyuta nyingine za gari. Anayerudisha moja nyuma mara nyingi husahau zilizobaki.

X5 yenye injini ya dizeli ya N57 ina mnyororo wa taimingi upande wa nyuma wa injini. Ukilia, giaboksi hushuka ili ufikiwe. ML yenye dizeli ya OM642 huvujisha oili kwenye sili za kipoza oili kilicho katikati ya safu mbili za silinda, kazi ya siku nzima kwa sili ndogo. Kwa mtu wa safari za mjini tu, ningechagua petroli, hata kama inakunywa, kuliko dizeli yenye DPF.

Karatasi usizifanyie haraka kwa kuwa muuzaji ana ndege kesho. Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone kama benki au mkopeshaji ana haki juu yake. Gari lililoingizwa kwa msamaha wa ushuru lazima ushuru wake ulipwe kabla ya kuhamishwa. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye logibuku na ile ya kioo cha mbele na ile iliyogongwa kwenye bodi. Uhamisho huanzishwa na muuzaji mtandaoni, nawe ukaukubali kwa akaunti yako. Salio la pesa litoke siku hiyo ya kukubali, si ile ya kukabidhiwa ufunguo.