Profesa anayewakumbuka mafundi

Sisi mafundi wa vifaa tiba, mashine ya msaada ikishushwa hospitalini, cha kwanza tunachouliza ni spea zitatoka wapi. Nimeshafungua stoo na kukuta inkubeta nzuri kabisa imelala kwa kukosa chujio tu, na inaniuma. Ndiyo maana namfuatilia sana Rebecca Richards-Kortum, profesa wa uhandisi tiba katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani.

Alitumia miaka mingi kutafuta njia za kugundua saratani ya mlango wa kizazi kwa kutumia mwanga. Ila iliyonigusa mimi ni kazi yake ya watoto njiti Malawi. Mapafu ya njiti hunywea kila anapotoa pumzi, kwa hiyo anahitaji hewa yenye msukumo mdogo usiokatika. Mashine za CPAP, yaani za kusukuma hewa hiyo puani, za kawaida ni maelfu ya dola. Ili kutengeneza ya bei nafuu, wanafunzi wa Rice wakaanza na pampu za tangi la samaki!

Muundo wa mashine hiyo ukiutazama kwa macho ya fundi, unafurahi. Hewa inachanganywa na oksijeni, inafika puani kwa mtoto, halafu ncha ya mpira wa kutolea hewa inazama kwenye chupa ya maji. Ukiizamisha sentimita 6, msukumo ni wa sentimita 6 za maji. Basi. Mapovu yakikoma, muuguzi anajua kuna mahali hewa inavuja, anaanza kufuata mpira.

Ikajaribiwa Blantyre, hospitali ya Queen Elizabeth, pamoja na madaktari wa hapo. Matokeo yalichapishwa 2014: waliowekewa mashine hiyo walipona asilimia 71, waliopewa oksijeni peke yake asilimia 44. Hao ni watoto 27 zaidi katika kila 100, na kila mmoja ana mama yake.

Mwaka 2013 yeye na mwenzake Maria Oden walipata tuzo ya wavumbuzi ya Lemelson-MIT, na fedha yake wakaielekeza kwenye ujenzi wa wodi ya watoto wachanga hospitalini hapohapo. Baadaye ukaja NEST360, mpango wa kuboresha huduma za watoto wachanga hospitalini, unaofanya kazi Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria, na humo mafundi nao wanafundishwa sambamba na wauguzi. Kwangu hilo ni kubwa kuliko tuzo yoyote.

Wanafunzi wa uhandisi wakiniomba mada ya mradi, nawatuma wodini kwanza, zamu ya usiku, wamuulize muuguzi ni kifaa gani hakigusi na kwa nini.