Spoketi ya nyuma inayumba, hivi ndo nilivyoinyoosha

Wadau, hizi injini ndogo za kufunga kwenye baiskeli, spoketi yake (lile duara la chuma la meno linalovutwa na cheni) ya meno 44 inabanwa kwenye spoku kwa boliti 9 na vipande viwili bapa vya mpira, sasa ya kwangu ilikuwa inayumba cheni inaruka kila saa. Nikalegeza nati zote, nikazungushia habu (kile kitovu cha gurudumu) vipande vya tyubu mpaka tundu la spoketi likakaa katikati kabisa, hapo ndo penye kazi yenyewe. Halafu nikafunga waya kwenye fremu, ncha iko kwa nje karibu na meno, nazungusha tairi taratibu, pakigusa nakaza hapo kidogo kidogo na kwa kupishana, yani boliti ya huku kisha ya upande wa pili. Usikaze moja mpaka mwisho, utavunja spoku! Ukishaendesha kidogo kaza tena maana vile vipande vya mpira vinabonyea.