Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa mazingira katika mbio za mashua za matanga

Saa 11 alfajiri

Nilifika gatini kabla ya mabaharia na kabla ya upepo, kwa kuwa sehemu nyeti ya kazi yangu hufanyika wakati maji yakiwa bado yametulia tuli. Watu wengi huuona mchezo wetu kuwa safi kwa sababu unaendeshwa na upepo, na ni kweli kwamba mashua iliyo mbioni haichomi mafuta. Lakini nyuma yake kuna boti za waamuzi, za makocha, za uokoaji na za wapiga picha, zote zikiwa na injini, na zote zinataka kujazwa mafuta kabla jua halijapanda.

Ujazaji huo nausimamia mwenyewe. Mdomo wa tangi huzungushiwa kitambaa cha kunyonya mafuta, na tangi halijazwi hadi pomoni, kwa maana petroli hutanuka jua linapokuwa kali na kuvujia baharini kupitia tundu la hewa. Kijana mmoja mgeni kazini alimwaga kiasi cha kikombe, na utando wenye rangi za upinde wa mvua ukaanza kutambaa juu ya maji. Alipoikimbilia chupa ya sabuni nilimzuia. “Mwanangu, sabuni haiyaondoi mafuta, inayatawanya tu ndani ya maji tusiyaone,” nilimwambia, kisha tukauzingira utando ule kwa vitambaa, taratibu, mpaka ukaisha. Injini za zamani zinazochanganyiwa oili kwenye petroli nimezikataa kabisa, kwa kuwa zile zenye kabureta huweza kumwaga karibu robo ya mafuta yake bila kuungua.

Saa 1 asubuhi

Katika mkutano wa manahodha nilipewa dakika tano. Niliwakumbusha kwamba kanuni za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo wetu, zinamkataza mshindani na wasaidizi wake kutupa taka majini kwa makusudi, wakati wote wawapo majini na si wakati wa mbio pekee, na kwamba Kiambatisho cha 5 cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kilichoanza kutumika mwaka 1988, kinapiga marufuku kutupa plastiki baharini popote pale. Hayo wanayajua. Nilichotaka waondoke nacho ni uzi wa sufu. Tanga kubwa la mbele, lile linalopandishwa mashua ikienda na upepo, aghalabu hufungwa kwa raba ili lisifunguke kabla ya wakati wake. Linapovutwa, raba hizo hukatika na kurukia majini. Uzi wa sufu nao hukatika, lakini wenyewe huoza. Niligawa vibunda vya uzi, na nahodha mmoja mzee akauvuta kati ya vidole vyake, ukakatika, akaitikia kwa kichwa bila kusema neno.

Saa 3 asubuhi

Kutia maboya ndiyo kazi iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Boya la kuzungukia likitiwa nanga juu ya nyasi bahari, mnyororo wake huifagia sakafu kila upepo unapogeuka, na huacha duara tupu mahali palipokuwa malezi ya samaki wachanga na ghala la kaboni. Nyasi za Posidonia, zile za Mediterania, mashina yake hutambaa sentimeta chache tu kwa mwaka, hivyo mita moja iliyong'olewa asubuhi moja huchukua miongo ya miaka kurudi. Zamani kidogo tulipandisha nanga iliyobeba kishungi kizima cha nyasi, mizizi ikiwa bado myeupe, na kaa mdogo asiyezidi ukucha wa kidole akiwa amejishikilia humo. Tangu siku hiyo natembea na ndoo yenye sakafu ya kioo, ya kuchungulia chini ya maji kabla ya kutia nanga.

Mahali pa kwanza palikuwa na nyasi tupu. Nilimwomba mwamuzi mkuu tulisogeze boya mita 80 hadi kwenye mchanga, naye akahofia kwamba njia ya mbio ingepinda na upepo usingewatendea haki washindani wote. Hoja yake ilikuwa ya haki. Tulikubaliana kuusogeza na mstari wa kuanzia, jambo lililotugharimu nusu saa. Tunayo maboya mawili yanayojishikilia mahali kwa injini ya umeme na GPS, bila nanga yoyote. Laiti yote yangekuwa hivyo.

Saa 8 mchana

Mbio zilianza saa 5 na upepo ulikuwa mzuri. Mashua moja iliyokuwa ikiongoza ilipunguza mwendo ghafla, kumbe mfuko wa plastiki ulikuwa umejiviringisha kwenye mkuku, uti wa chini ya mashua. Mabaharia walilazimika kushusha tanga na kurudi nyuma ili kuutoa, na nafasi yao ikapotea. Mfuko huo haukutoka kwetu. Waliuweka ndani ya mashua wakaniletea.

Saa 10 jioni

Mashua zilipotoka majini niliwaomba wazioshe mahali ambapo maji machafu hukusanywa, si kwenye mteremko wa kushushia, kwa sababu rangi za kuzuia viumbe kuota chini ya mashua nyingi zina shaba, ambayo ni sumu kwa viumbe wa baharini. Somo la rangi hizi tumelipata kwa gharama: Ufaransa ilizuia rangi zenye TBT, sumu iliyotengenezwa kwa bati, kwa mashua za chini ya mita 25 mwaka 1982, baada ya chaza wa ghuba ya Arcachon kuharibika, lakini mkataba wa kimataifa ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Miaka 26 ni mingi mno kwa chaza.

Saa 12 jioni

Waandishi walitaka picha ya mifuko ya taka tuliyoiokota ufukweni. Niliwapa, ingawa kwangu kipimo cha siku ni daftari la mafuta, kwa maana taka huokoteka lakini petroli iliyokwisha kuungua hairudi. Boti mbili za makocha zilikubali kuwa moja, na ukurasa wa leo unaonyesha hivyo. Kisha niliandika mahali mchanga ulipo, boya kwa boya. Upepo umetabiriwa kugeuka, na boya la pili litahitaji mchanga mwingine. Ndoo ya kioo nimeiweka karibu na mlango.